Barua Inayobeba Amri
(Mazungumzo kwa makatibu na waweka hazina wa vikundi)

Asubuhi mmoja wenu ameniuliza: barua ni maneno tu, itawezaje kuambukiza kompyuta? Swali zuri. Hata mimi nilidhani hivyo miaka mingi.

Faili ya Word au Excel yaweza kubeba maneno pamoja na amri. Amri hizo huitwa makro. Ziliwekwa kwa nia njema: anayejumlisha akiba ya wanachama kila mwezi aandike hatua zake mara moja, halafu kompyuta izirudie yenyewe. Ubaya ni kwamba makro inaweza kuanza kazi pale tu faili inapofunguliwa. Inaweza kusoma, kufuta, hata kutuma barua kwa jina lako.

Mwaka 1995 virusi vya namna hii, vilivyoitwa Concept, vilienea kwa hati za Word. Havikuharibu mengi. Lakini tarehe 26 Machi 1999 ikaja Melissa. Ukifungua hati yake, ilichukua anwani 50 za kwanza katika orodha yako ya Outlook, ikazitumia barua iliyosema: hii ndiyo ile hati uliyoniomba. Nani angekataa? Imetoka kwa rafiki! Aliyeitunga, David Smith wa New Jersey, Marekani, alihukumiwa miezi 20 gerezani mwaka 2002.

Na si ati watu hawakuonywa. Word ya 1997 iliuliza kwanza kama unataka makro zifanye kazi. Watu walibonyeza ndiyo. Tunabonyeza hata leo, maanake tuna haraka. Mwaka 2022 Microsoft walianza kuzuia makro za faili zitokazo kwenye intaneti. Vyema, lakini kizuizi hicho hutegemea alama ambayo faili hupewa ikitoka huko. Iliyoletwa kwa flashi mara nyingi haina alama hiyo, na programu za zamani kama hii yetu hazina kizuizi chenyewe.

Basi faili ya mahudhurio ikiomba ruhusa ya makro, usibonyeze. Mpigie simu aliyeituma: ni wewe kweli? Na orodha ya majina yahitaji amri za nini? Lile daftari la akiba la karatasi nalo msilitupe. Mnacheka, lakini halifutwi na Melissa.

Baada ya chai tutawasha kompyuta ile pale, kila mmoja alione onyo lenyewe kwa macho yake.