Mgeni Mpe Jembe: Nafasi ya Wanawake Wakimbizi na Wahamiaji katika Vyama na Biashara za Eldoret

(Maneno ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa viongozi wa vikundi vya wanawake)



Eldoret ni mji wa watu waliokuja. Jina la kaunti yenyewe, Uasin Gishu, ni la Wamaasai walioishi kwenye uwanda huu zamani. Mji ulianza kwa ofisi ya posta iliyofunguliwa mwaka 1910 kwenye shamba nambari 64, na hadi leo wako wanaouita Sisibo. Wakaja wenye maduka kutoka Uhindi, wakaja wafanyakazi kutoka kila pembe ya Kenya, wakaja wanafunzi na wafanyabiashara kutoka nchi jirani. Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ikawa jiji la tano la Kenya. Jiji hujengwa na wanaokaa ndani yake, na miongoni mwao wako wanawake ambao hawakuzaliwa hapa.

Wengi wao wametoka Sudan Kusini. Barabara ya kutoka huko hupita Lokichoggio, Kakuma, Lodwar na Kitale kabla ya kufika hapa. Wako pia Wasomali, Wakongo, Waganda na wengineo. Mara nyingi mama ndiye aliyekuja na watoto ili wapate shule, huku baba akibaki nyuma au akiwa amefariki vitani. Huyu mama hulipa kodi ya nyumba, hununua unga na sukuma wiki sokoni, na akipata mtaji mdogo huuza vitenge, husuka nywele au hufungua kibanda cha chakula.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa miaka mingi Kenya iliwapokea wageni vizuri, lakini jembe likafungiwa ghalani. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na kwa miaka mingi mkimbizi alitarajiwa kukaa kambini na kungoja mgao. Hata hivyo watu hawakungoja tu. Utafiti wa shirika la IFC uliotolewa mwaka 2018 ulikuta Kakuma ina biashara zaidi ya 2,000, na uchumi wake ulikadiriwa kuwa dola milioni 56 kwa mwaka.

Sheria nayo imebadilika. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inasema mkimbizi ana haki ya kufanya kazi au biashara, peke yake au katika kikundi, na kutumia taaluma yake endapo vyeti vyake vinatambuliwa Kenya. Kibali cha kazi cha daraja M hutolewa kwa mkimbizi bila malipo. Machi 2025 serikali ya kitaifa ilizindua Mpango wa Shirika, unaolenga kugeuza kambi kuwa makazi ambamo wakimbizi na wenyeji hutumia huduma pamoja.

Hata hivyo, haki iliyo kwenye karatasi haijawa mkate. Mkimbizi aliyepangiwa Kakuma bado anahitaji idhini ya Idara ya Huduma kwa Wakimbizi ili atoke huko, na asiyekuwa nayo huishi mjini kwa hofu. Mikopo ya umma, kama ile ya Hazina ya Wanawake iliyoanzishwa mwaka 2007 na Hustler Fund ya mwaka 2022, ni ya wenye kitambulisho cha taifa. Mama mwenye kadi ya mkimbizi hubaki na njia mbili: akope kwa mtu binafsi kwa riba ya kuumiza, au ajiunge na chama.

Chama ndicho mlango ulio karibu zaidi. Chukulia wanawake 15 wanaoweka shilingi 200 kila wiki. Mezani kuna shilingi 3,000 kila wakikutana, na kwa mwaka mmoja ni shilingi 156,000 kabla ya riba yoyote. Fedha huhesabiwa mbele ya wote, mkopo hutolewa hapo hapo, na dhamana ni kujuana. Anayeuza vitenge hapati fedha kwa sababu ya kadi yake. Anapata kwa sababu wenzake 14 wamemwona akiweka akiba wiki baada ya wiki.

Hapa ndipo uongozi unapoingia. Vikundi vingi humpokea mgeni kama mwanachama wa kuchangia tu. Hapewi daftari, hapewi ufunguo wa sanduku, na mkutano huendeshwa kwa lugha asiyoielewa. Mwanachama wa namna hiyo hajui deni lake limeandikwaje, na siku ya ugomvi hana wa kumtetea. Kikundi kinachotaka kudumu hufanya mambo matatu: huendesha mikutano kwa Kiswahili, husoma hesabu kwa sauti kabla ya kufunga, na huzungusha vyeo ili naye awe katibu au mweka hazina kwa zamu yake. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10 na katiba yake. Katiba hiyo ndiyo mahali pa kuandika kwamba vyeo ni vya wanachama wote.

Uongozi hauishii kwenye chama. Leseni za biashara na masoko ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Katiba. Na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, inapoeleza umma unaopaswa kushirikishwa, inataja wakaazi wa kaunti, na hata wasio wakaazi ambao kwa kuwapo kwao kwa muda wanatumia huduma za kaunti. Haikusema wapiga kura peke yao. Mama wa Juba anayeuza sokoni Eldoret anaweza kusimama kwenye mkutano wa bajeti wa wadi yake akaulizia taa, choo na maji ya soko hilo. Tatizo lake ni la mama wa Turbo na wa Langas pia.

Jambo moja linahitaji tahadhari kubwa. Sheria ya 2021 inamruhusu mkimbizi kutoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuacha hadhi ya ukimbizi kwa hiari ili afaidi haki za mkataba wa Jumuiya. Sudan Kusini ilijiunga mwaka 2016, Kongo mwaka 2022. Kwa mfanyabiashara, njia hii inaweza kufungua milango. Lakini anayeacha hadhi hiyo huacha pia ulinzi wa mkimbizi, ambao kiini chake ni kutorudishwa anakokimbia hatari. Mama asitie sahihi karatasi hiyo kwa kusikia maneno sokoni. Aulize kwanza Idara ya Huduma kwa Wakimbizi na apate ushauri wa wakili, kwa lugha anayoielewa.

Mji huu unajua gharama ya kumwita jirani mgeni. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100 nchini, na uwanja wa maonyesho wa Eldoret ukajaa familia zilizofukuzwa makwao. Baadaye miongoni mwa waliorudi kununua na kuuziana sokoni walikuwemo wanawake wengi. 

Basi kila kiongozi wa kikundi aliyepo arudi na kazi moja: katika mkutano ujao, afungue daftari na aangalie ni mwanachama yupi anayechangia kila wiki lakini hajawahi kupewa kalamu. Ampe.