Namba Moja Haitoshi: Kusoma Kipimo cha Sukari Nyumbani

(Mazungumzo yetu na vikundi vya kujisaidia)



Akina mama, wazee na vijana, baadhi ya vikundi vyenu vimechanga pesa na kununua ile mashini ndogo ya kupima sukari. Mmefanya vyema. Lakini mashini hutoa namba tu. Kuielewa ni kazi yetu.

Mama mmoja tuliyemtembelea alikuwa akimenya maembe, akajipima bila kunawa. Ikatoka 17. Akaogopa, akajidunga insulini zaidi. Usiku akaanza kutetemeka, jasho likamtoka, akawa anasema ovyo. Majirani wakadhani amerogwa. Bahati njema, binti yake alimpa maji ya sukari angali anaweza kumeza. Kumbe ile 17 ilikuwa sukari ya embe kidoleni!

Kwa hiyo, kwanza, tunawe kwa sabuni na kukausha mikono. Tuangalie tarehe ya stripu, kama hazijapitwa na wakati. Na sindano ya kutoboa kidole haiazimwi, hata kwa ndugu.

Pili, tuulize: mgonjwa amekula saa ngapi? Kwa watu wazima wengi wenye kisukari, lengo ni 4 hadi 7 kabla ya kula, na chini ya 10 masaa mawili baada ya kula. Basi 9 baada ya ugali si sawa na 9 kabla ya chai ya asubuhi. Wazee sana na waja wazito hupewa lengo lao na daktari.

Tatu, chini ya 4 ni hatari ya sasa hivi, hatungoji kesho. Mpe vijiko vidogo 3 vya sukari kwa maji, mpime tena baada ya dakika 15. Kama bado iko chini, rudia. Ikipanda, ale chakula. Aliyezimia asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Nne, mashini ikiandika HI, hiyo si salamu! Maana yake sukari imepita kiasi ambacho mashini inaweza kusoma. Nawa, pima tena. Ikibaki hivyo, hospitali siku hiyo hiyo. Na kama anatapika au anahema sana, msipoteze hata dakika.

Mwisho, daftari. Nyinyi mnajua hesabu ya chama haisomwi kwa mchango wa siku moja. Hata sukari ni hivyo. Andikeni tarehe, saa, namba, chakula na dawa. Ikiwa juu kila asubuhi kwa siku kadhaa, hapo kuna habari ya kupeleka kliniki. Dawa tusiibadilishe wenyewe kwa sababu ya namba moja. Asiyejua kuandika, mjukuu amwandikie.

Tusaidiane, tusiogopeshane.