Samani Kuukuu: Tuzitengeneze Bila Kujidhuru

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama wetu, fundi wa samani, siku ya sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)



Nimeambiwa nieleze mradi wangu wa kununua samani za zamani, kuzitengeneza na kuziuza. Wengi wenu mnaujua, maana kabati la vyombo lililopo ofisini kwetu limepita mikononi mwangu. Lakini leo sikuja kujisifu. Nataka niwaeleze na yale niliyokosea, kwa sababu wanachama wengine wameanza kuniiga, na mimi sitaki mtu aige kosa.

Mkopo wangu wa kwanza ulikuwa shilingi 120,000. Nilinunua kabati la mbao kutoka kwa familia iliyokuwa inahama, kwa shilingi 70,000. Mkokoteni ulikula 10,000. Vifaa vikachukua 35,000. Kabati nikaliuza 190,000. Pigeni hesabu wenyewe: faida ni shilingi 75,000 kwa kazi ya wiki mbili. Marejesho nikalipa bila kusukumwa. Nikaona, kumbe mambo ni haya! Nikachukua mkopo wa pili.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilinunua kitanda cha mtoto, kimepakwa rangi ya njano inayobanduka. Nikakaa nacho uani, nikakisugua kwa msasa mkavu tangu asubuhi hadi adhuhuri. Vumbi la njano likatanda juu ya masufuria niliyoanika. Mjukuu wangu alikuwa anatambaa pale pale, mkono chini, mkono mdomoni. Na vile vipande vya mbao vilivyooza nilivyovitoa, jamani, sikuvitupa. Nilivitia jikoni nikapikia maharage.

Aliyenizindua ni kijana wa mteja wangu aliyekuwa anasoma chuo. Alikuja kuchukua stuli, akaona moshi ule na vumbi lile, akaniuliza, "Mama, hiyo rangi unajua ina nini ndani?" Nikamjibu kwa ukali kidogo, eti rangi ni rangi. Alipomaliza kunieleza nilikaa chini.

Ndugu zangu, rangi nyingi za mafuta za zamani, na hata baadhi za miaka ya karibuni, zilichanganywa na madini ya risasi. Madini hayo hufanya rangi ing'ae, ikauke upesi na idumu. Rangi za njano na nyekundu ndizo mara nyingi hukutwa na kiasi kikubwa zaidi. Marekani walipiga marufuku rangi hizo majumbani tangu mwaka 1978. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa ni salama. Kwa mtoto mdogo madini haya huharibu ubongo: akili hupungua, kujifunza kunakuwa kwa shida, na uharibifu huo haurudi nyuma. Mtoto hufyonza risasi mara nne hadi tano kuliko mtu mzima, na mwenye njaa au upungufu wa chuma na kalsiamu hufyonza zaidi. Mama mjamzito akiivuta, inamfikia mtoto tumboni. Sisi watu wazima inatuletea shinikizo la damu na kuumiza figo.

Ubaya wake ni kwamba haina harufu wala haiwashi. Mtoto hatalia. Ndiyo maana mtu anaweza kufanya kosa lile nililofanya mimi miaka na miaka, na kila jioni akasema Alhamdulillahi, siku imepita salama. Mjukuu wangu sasa yuko shule. Kila akileta daftari lenye makosa mengi, mwenzenu naikumbuka siku ile.

Sasa tufanyeje? Tuache kazi? Hapana. Kazi ina faida, nayo inaokoa mbao nzuri ambazo siku hizi kuzipata ni ghali. Tujifunze tu kuifanya inavyostahili.

Kwanza, kuchagua. Usinunue kwa macho, nunua kwa mikono. Tikisa kiti, vuta droo, pindua meza uitazame chini, maana huko hakuna aliyepaka rangi ya kukudanganya. Kwaruza kidogo mahali pasipoonekana. Ukikuta mninga au msaji chini ya rangi mbaya, umepata mali. Ukikuta ubao wa maranda yaliyogandishwa na umevimba kwa maji, uache, hautengenezeki. Tazama matundu ya dumuzi: kama chini yake kuna unga mpya, wadudu bado wamo ndani, wala usikiingize kitu hicho nyumbani. Na vitanda vikaguliwe kunguni kwenye viungo. Maji yanayochemka yakimwagwa taratibu kwenye viungo hivyo huwaua pamoja na mayai yao, kisha kitanda kikauke vizuri juani.

Pili, viungo. Kiti kinachocheza usikipigilie misumari. Msumari hupasua mbao, na baada ya mwezi kiti kinacheza tena. Fungua kiungo, kwangua gundi yote ya zamani mpaka uone mbao, paka gundi nyeupe ya mbao, kisha kaza. Sisi ambao hatuna vibano vya chuma tunatumia mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa utepe. Zungushia kwa nguvu, funga, uache mpaka kesho yake.

Tatu, rangi ya zamani. Hapa nawaomba mnisikilize sana. Kwa kuwa hatuna kipimo, kila rangi ya zamani tuihesabu kuwa ina risasi. Kama rangi imeshika vizuri na kitu si cha mtoto, usiibandue yote. Ioshe kwa sabuni, ipitishie kidogo msasa wa maji ikiwa imelowa ili rangi mpya ipate kushika, basi, paka juu yake. Kama inabanduka na ni lazima iondolewe, fanya hivi:

Fanyia kazi nje, mbali na jiko, kisima, vyombo na watoto. Mjamzito asiifanye kabisa. Tandika nailoni pana chini. Nyunyiza maji kwanza, ndipo ukwangue, na uwe unanyunyiza kila mara, kwa sababu vumbi lililolowa haliruki. Usisugue kwa msasa mkavu, wala usiunguze rangi kwa moto. Vaa barakoa ya N95, ile tuliyoizoea wakati wa Korona. Kitambaa cha khanga hakizuii vumbi lile jembamba. Ukimaliza, futa kwa kitambaa kilicholowa; usifagie. Kunja nailoni pamoja na magamba yote, tia kwenye mfuko, funga. Magamba hayo yasiende jikoni, yasiende kwenye bustani ya mchicha. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula au kumpakata mtoto.

Na ninarudia, kwa sababu najua hali zetu na bei ya mkaa: mbao iliyopakwa rangi si kuni. Hata kipande kimoja.

Hata mbao tupu isiyo na rangi ina vumbi lake. Tangu mwaka 1995 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameliweka vumbi la mbao katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo barakoa si ya rangi peke yake.

Nne, dawa za kubandulia rangi. Zipo za dukani zenye kemikali iitwayo methilini kloridi. Mvuke wake umeua watu waliofanya kazi ndani ya vyumba vilivyofungwa, na mwaka 2019 Marekani walizuia kuuzwa kwa watumiaji wa nyumbani. Tusizinunue. Wengine hutumia kostiki soda. Nyie mnaotengeneza sabuni ya mche mnaijua inavyounguza: soda hutiwa kwenye maji, maji hayatiwi kwenye soda, glavu na miwani lazima. Lakini kwa mninga siishauri, hugeuza rangi ya mbao ikawa nyeusi.

Tano, kupaka. Mbao nzuri usiizike chini ya rangi. Mpe vanishi, wateja wanalipa zaidi. Kwa mbao ya kawaida, ziba mashimo kwa puti, paka praima, kisha rangi mara mbili, nyembamba nyembamba, kila mkono ukauke kabla ya mwingine. Dukani soma mkebe na uulize rangi isiyo na risasi. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa linapendekeza nchi zisiruhusu zaidi ya sehemu 90 za risasi katika sehemu milioni za rangi. Sisi tukiuliza kila siku, mwenye duka naye atauliza kiwandani.

Thina na vanishi hushika moto hata kwa mbali, kwa hiyo usipake karibu na jiko. Na tafadhalini, msiweke thina wala mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Mtoto akiona chupa ya soda anajua ni soda.

Jambo jingine ambalo wengi hawaliamini: kitambaa chenye mafuta ya kitani kinaweza kuwaka chenyewe. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na vitambaa vikirundikwa pamoja joto hukosa pa kutokea. Mwenzetu mmoja alivirundika kwenye ndoo jioni, usiku akaamshwa na moshi. Mungu alisaidia, ndoo ilikuwa uani. Vitandaze kimoja kimoja nje vikauke, au vitie kwenye maji.

Mama Mwenyekiti, namalizia kwa maombi mawili.

Ombi la kwanza: kila mkopo wa mradi wa samani utengewe fedha za kinga kabla ya kutolewa. Mimi kwa kabati moja huweka shilingi 15,000 za barakoa, glavu, nailoni na msasa wa maji. Wako watakaosema faida itapungua. Ni kweli itapungua. Lakini tulipounda mfuko wa jamii tulisema ni wa kumsaidia mwenzetu akiuguliwa. Sasa tunakopeshana ili tuuguliwe?

Ombi la pili ni gumu zaidi, na najua si kila mtu atalipenda. Tusiuze kitanda cha mtoto chenye rangi ya zamani, hata kama tumepaka mpya juu yake. Mtoto anayeota meno hutafuna ukingo, na chini ya rangi yetu mpya iko ile ya zamani. Kile cha njano niliambiwa na mteja 85,000. Nilikirudisha ndani, nikakaa na deni lake miezi mitatu, na wenzangu wa meza ya marejesho ni mashahidi kwamba nililipa mpaka senti ya mwisho. Kama fundi akitengeneza kitanda cha mtoto, kiwe cha mbao mpya au isiyowahi kupakwa, na nafasi kati ya fito isizidi sentimita 6, ili kichwa kisinase.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Miaka kumi tumejengana kwa hisa na kwa uaminifu. Mtu akinunua kitu kwa mwanachama wetu, awe na hakika kwamba tulikifikiria kichwa cha mtoto wake kama tunavyokifikiria cha wetu.

Anayetaka kujifunza aje uani kwangu siku ya Jumamosi, ila watoto awaache nyumbani.