Mwezi wa Tatu Umepona Nini?

Msikilizaji, najua uko jikoni au umebanwa ndani ya daladala, lakini leo ongeza sauti kidogo. Ni kifua kikuu tena, na ni yale yale. Mtu kameza dawa miezi miwili, kikohozi kimekata, uzito umerudi, basi kliniki haonekani! Kijana mmoja wa bodaboda aliacha mwezi wa tatu, eti anawahi abiria. Karudi anakohoa damu.

Hebu jua unachokichezea. Ndani ya kiini cha seli zako kuna vimeng'enya viitwavyo RNA polimerasi. Kazi yao ni ya karani: kusoma maagizo yaliyo kwenye DNA na kuyanakili kuwa RNA. Nakala hutoka nje ya kiini, ndipo protini hutengenezwa. Pasipo nakala hakuna protini, na seli hufa. Bakteria wa TB hana kiini, ila karani anaye. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo za TB unazomeza, humkaba karani huyo asinakili, na wako haimgusi. (Mkojo kuwa wa rangi ya chungwa ni rangi ya dawa tu, acheni kukimbia.)

Sasa wewe unaruka siku, unaacha njiani, wengine mnagawana vidonge na jirani! Miongoni mwa bakteria wapo wachache ambao jeni ya karani wao imebadilika herufi moja tu, na rifampisini haimshiki tena. Dozi kamili ya dawa zote kwa pamoja huwamaliza. Dozi ya kuokoteza huwaachia uwanja, wakazaana, nawe ukawakoholea wanao chumbani. Mashine ya GeneXpert huukamata usugu huo kwa muda wa saa mbili hivi, lakini kuukamata si kuutibu.

Miezi sita unaiona mingi? Waulize wazee: ilikuwa mwaka na nusu, na sindano juu. Utafiti uliofanyika hapa hapa Afrika Mashariki, ukachapishwa 1972, ulionyesha kuwa rifampisini ikiongezwa, miezi sita inatosha. Tumepunguziwa, bado tunakimbia!

Na akina mama, hili msilipuuze. Rifampisini huamsha jeni ndani ya viini vya seli za ini, ini likatengeneza vimeng'enya vingi zaidi, navyo huvunja homoni za vidonge vya uzazi wa mpango. Vijiti navyo hupungua nguvu. Kitanzi hakidhuriki. Mwambie mhudumu siku ile ile unapoanza dozi, usingoje mpaka tumbo lionekane.