Usinunue Betri Kabla Hujapima

Leo tuzungumzie betri ya trekta linalokaa bandani tangu kulima kuishe mpaka mvua nyingine zikaribie. Siku ya kuliwasha, mwenyewe anageuza ufunguo, anasikia "ta, ta" basi. Wenzake wanalima, naye anahangaika kutafuta fedha za betri mpya. Mvua haimngoji mtu. Lakini je, betri imekufa kweli? Pima kwanza.

Angalia vichwa vya betri. Ukiona ungaunga mweupe au wa kijani, umeme haupiti vizuri. Fungua kwanza waya unaokwenda kwenye bodi, ambao kwa kawaida ni wa hasi, kisha ule wa chanya. Sugua kwa brashi. Wakati wa kufunga, hasi iwe ya mwisho. Tahadhari: betri hutoa gesi inayolipuka, kwa hiyo usivute sigara wala kumulika kwa kibatari. Asidi nayo huunguza macho na ngozi.

Kama betri yako ina vifuniko, tazama maji. Yakiwa chini ya sahani, ongeza maji safi ya betri yasiyo na asidi mpaka yazifunike. Usitie ya kisima.

Sasa ichaji ijae, uiache usiku kucha bila nyaya, kisha upime kwa mita. Betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha 12.6 au zaidi. Ikionyesha 12.2, imebaki nusu hivi. Ikishuka mno kwa siku mbili tatu hali haina nyaya, ugonjwa umo ndani yake. Hapo ndipo ununue nyingine.

Lakini ikisimama vizuri, na ukiifunga kwenye trekta inaisha, basi yuko mwizi wa umeme. Mtafute hivi: zima kila kitu, fungua waya wa hasi, kisha weka taa ndogo ya volti 12 kati ya waya huo na kichwa cha hasi. Kwa trekta la zamani lisilo na saa wala redio, taa isiwake kabisa. Ikiwaka, chomoa fyuzi moja moja. Ile itakayoizima ndiyo njia ya mwizi. Isipozimika, fundi akague altaneta na starta.

Injini ikinguruma, mita isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki chini ya 13, betri hailishwi. Tazama mkanda na altaneta.

Ndugu mkulima, ukimaliza kulima fungua waya wa hasi, na betri uichaji kila mwezi. Kuwasha injini dakika mbili tatu hakusaidii, maana starta huweza kula zaidi ya kilichorudi. Betri ikikaa tupu muda mrefu, sahani huota ukoko mgumu, nayo haipokei tena umeme.