Mdhamini Aijue Nyumba ya Anayemdhamini

(Mazungumzo kwa viongozi wa vyama vya akiba na mikopo vya mahali pa kazi, Karatu)



Watumishi wa mahali pamoja huonana kila siku kazini, lakini si ajabu mtu akastaafu bila kuujua mlango wa mwenzake. Katika chuo kikuu ugeni huo hupungua wenyewe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilihamia Mlimani mwaka 1964, na humo humo zimo nyumba za watumishi na Shule ya Msingi Mlimani. Watoto wakisoma pamoja, wazazi hawakosi kufahamiana.

Karatu na Ngorongoro hali ni nyingine. Askari wa hifadhi na mpishi wa hoteli hulala kwenye ukingo wa kreta, ng'ambo ya lango la Loduare, na wengi wao wameacha familia Karatu mjini, Mbulu au mikoa ya mbali. Ndani ya hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1959, mtumishi hawezi kujijengea nyumba apendavyo. Kwa hiyo kazi iko huku, na jamaa wako kule.

Utengano huo unaugusa ushirika. Chukua mfano wa mwanachama aliyefariki ghafula. Mjane anafika ofisini, hajui kama marehemu aliacha akiba wala deni. Fomu ya mrithi ina jina la mzazi aliyekwisha kufa zamani. Wadhamini wanakatwa mishahara, nao wanamlaumu mama ambaye hawajapata kumwona. Hapo hakuna aliyeiba. Ugeni ndio uliowatia hasara.

Mwaka 2020 nao ulitoa funzo. Uviko-19 ulipozuia watalii, wafanyakazi wengi wa hoteli walikosa mapato, na marejesho ya mikopo hayakungoja. Wakati kama huo halmashauri ya mikopo haina budi kujua nani amekwama kweli na nani anajificha, na habari hiyo haipatikani katika daftari.

Dawa yake ni jumuiya ya watumishi na familia zao. Misingi ya ushirika iliyotangazwa Manchester mwaka 1995 inataja elimu kwa wanachama na kuijali jamii. Jumuiya hiyo hutimiza yote mawili. Mambo manne yatafaa kuzingatiwa.

Kwanza, mkutano ufanyike Karatu siku ya mapumziko, ili wake, waume na watoto waweze kufika. Pili, mkubwa wa kazi na mfagizi watoe mchango ulio sawa, nao uwe mdogo. Tatu, fedha za rambirambi na sherehe ziwe na daftari lake na stakabadhi zake, zisichanganywe kamwe na akiba za chama. Nne, mara moja kila mwaka kila mwanachama aihakiki fomu yake ya mrithi, na mwenzi wake aelezwe jinsi akiba, hisa na mikopo vinavyokwenda. Siri ya hesabu ya mtu ibaki yake. Utaratibu wa chama si siri.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mtumishi apatwapo na msiba usiku ukingoni, ndugu zake wa damu watafika kesho kutwa. Atakayebisha hodi kwa mkewe usiku huo huo ni mwenzake wa kazini, ikiwa anaijua nyumba.