Magurudumu Manne Hayaongezi Breki



Wapo madereva wanaoamini kwamba pikapu inayovuta kwa magurudumu yote manne haishindwi na barabara. Nami nilikuwa mmoja wao, mpaka Januari mwaka 2019 nilipomtembelea mpwa wangu katika jimbo la Minnesota, Marekani.

Siku hiyo tulikuwa Duluth, mji uliojengwa kwenye mteremko unaoshuka hadi Ziwa Superior. Theluji ilikuwa imeshindiliwa na magari ikawa barafu. Chumvi ilimwagwa, lakini baridi ikizidi nyuzi 10 chini ya sifuri, chumvi ya kawaida huyeyusha barafu kwa shida. Nikaomba usukani. Mpwa wangu akasita.

"Mjomba, nyuma hakuna mzigo. Mifuko ya mchanga niliishusha jana."

Nikacheka. Mimi niliyeendesha miaka 30 katika tope la masika!

Kupanda, pikapu ilikwenda kama mbuzi. Magari madogo yalizungusha tairi papo hapo, nami nikayapita kifua mbele. Tulipoanza kuteremka, taa nyekundu ikawaka. Nikakanyaga breki. Kanyagio likatetemeka chini ya mguu, gari likazidi kuteleza. Kituo cha basi alisimama mama na mtoto wake. Tulisimamishwa na tuta la theluji, hatua tatu kutoka kwao. Mama yule hakunitukana. Alimvuta mwanawe kifuani, akanitazama. Mtazamo ule ninao hadi leo.

Mpwa wangu alinieleza taratibu. Kila gari, hata lile dogo, hufunga breki kwa magurudumu manne. Kuvuta kwa manne hukusaidia kuondoka, si kusimama. Tena pikapu tupu ni nyepesi nyuma, kwa kuwa injini iko mbele. Mkia wake huteleza upesi. Ndiyo maana wenyeji huweka mchanga juu ya ekseli ya nyuma, na hufunga tairi za baridi, ambazo mpira wake haukakamai. Zaidi ya yote, huteremka kwa gia ndogo na kupunguza mwendo mapema.

Sisi theluji hatuna, lakini utelezi wa masika tunao. Nguvu ya gari lako, msikilizaji, ni ya kukutoa ulipokwama. Anayengoja kituoni na mtoto wake halindwi na nguvu hiyo. Analindwa na mwendo wako.

Kwaheri hadi juma lijalo.